Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Tulikanyaga Shamba la Mtu Engaruka

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, mwalimu mlezi wa klabu, walimu wetu wote, wazazi mliofunga safari na jua hili, na wanafunzi wenzangu, shikamooni na hamjambo.

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha leo, na tunakushukuru wewe mgeni rasmi kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi kwenye vumbi, tunajua ratiba yako imebana kwa hiyo hatutakuchosha sana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kazi kubwa ya klabu mwaka huu ilikuwa safari ya Engaruka, wilaya ya Monduli, unatoka Mto wa Mbu unashika njia ya Ziwa Natron huku ukingo wa Bonde la Ufa uko kushoto kwako kama ukuta. Tukafika, tukakuta mawe. Yaani mawe tu. Wengine walinuna kabisa, eti tumechangishwa nauli kuja kuangalia mawe (na mimi nilikuwemo, nakiri hapa mbele ya mwalimu mlezi). Mzee aliyetutembeza akacheka, akasema msiangalie mbele, angalieni chini. Tukaona mstari wa mawe, huo mstari unakutana na mwingine, unakata kona, inatokea kama chumba kisicho na paa, pembeni kingine, na kingine, kumbe tumesimama katikati ya shamba la mtu!

Na si kashamba. Mashamba yale yanafika kama hekta 2,000, tulipiga hesabu tukapata karibu viwanja 2,800 vya mpira, na yalilimwa kuanzia karne ya 14 au 15 hivi mpaka karne ya 18. Mvua kule ni kidogo, kwa hiyo walikinga mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakaitembeza kwa mifereji iliyopangwa mawe pembeni, mteremko wake mdogo mdogo ili maji yasikimbie na udongo, na hapo hakuna pima maji wala simenti. Kilichotushangaza zaidi ni kwamba kuna sehemu udongo wenyewe waliuleta kwa maji: wanaingiza maji ya matope kwenye vizuizi vya mawe, yanatulia, tope linabaki, mwisho wa siku ndiyo shamba. Mawe yaliyobaki wakayarundika, yale marundo ambayo sisi tulidhani ni makaburi. Ng'ombe walifungiwa zizini wakaletewa majani, samadi ikaenda shambani. Wachimbuaji wamekuta hadi punje za mtama zilizoungua. Wenyewe walikaa juu kidogo, vijiji 7 kwenye mteremko wa ukingo, wakaacha ardhi ya chini yote ilimwe.

Mjerumani Fischer alipita pale 1883 akaandika habari za magofu, halafu 1935 mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey akakadiria watu 30,000 hadi 40,000, hesabu ambayo wataalamu wa baadaye waliishusha sana. Kwa nini walihama, wanabishana mpaka leo, kuna wanaosema maji yalipungua. Wengine wanawahusisha na Wasonjo, kabila la wilaya ya Ngorongoro, ambao hadi sasa wanalima kwa mifereji.

Mheshimiwa mgeni rasmi, changamoto hazikosi na ya kwanza ni sisi wenyewe. Mwenzetu mmoja alisogeza mawe matatu apate pa kukaa apigwe picha. Mzee hakufoka, alisema tu rudisheni yalipokuwa. Basi tukaangaliana, hakuna hata mmoja aliyekumbuka yalipokuwa. Njia nzima ya kurudi gari lilikuwa kimya. Baadaye mwalimu akatusomea Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo shamba lile linalindwa sawasawa, ila ng'ombe, makorongo ya mvua na watu wa picha kama sisi hawajaisoma.

Maombi yetu ni machache. Tunaomba tepu ndefu za kupimia na kifaa kimoja cha GPS, maana tulipima kwa hatua na hatua za mwenzetu mrefu zimetuvurugia ramani. Tunaomba usafiri wa kwenda kwa Wasonjo tukaone mfereji unaotembea maji, tuulinganishe na ule mkavu. Na tunaomba kibao pale njiani kiandikwe kwa Kiswahili na Kimaasai kwamba haya mawe ni shamba, kwa sababu bila yule mzee sisi tungepita.

Ramani yetu iko pale mezani, imechorwa kwa penseli, mfereji mmoja tumeufuta mara tatu na bado haujakaa sawa, karibu uiangalie kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanaklabu ya Historia