Shukrani kwa dada wa kwenye foleni ya dawa

Dada yangu, uliyenisikia nikimlalamikia mama kwa simu, kwa Kiswahili, kwenye foleni ya dawa pale Texas: jina lako sikulishika, ila asante sana. Mungu akuzidishie.

Nilitumikia Jeshi la Marekani huko Iraq, kambi ya Balad, tukivuta moshi wa lile shimo la kuchomea taka: plastiki, makopo ya rangi, kila kitu. Nilirudi mzima. Pumu ilinianza nimeshavua gwanda, nikaambiwa nisijisumbue kudai fidia kwa kuwa faili langu la jeshini halina hata kikohozi. (Nani huko alikuwa na nafasi ya kwenda kwa daktari kwa sababu ya kikohozi?)

Wewe ndiye uliyenieleza Sheria ya PACT ya Agosti 2022, ile ya Marekani ya fidia kwa wanajeshi wa zamani waliovuta moshi wa sumu: pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi imo kwenye orodha ya magonjwa yake, na kwa aliyekuwa Iraq sheria inachukulia kwamba imetokana na kazi. Ukaandika nyuma ya bahasha yangu ya dawa: hati ya kuachishwa jeshi, ripoti ya daktari. Na ukasisitiza nitangulize taarifa ya kusudio la kudai, maana tarehe yake hushikiliwa mwaka mzima wakati unakusanya vyeti. Hilo peke yake limeniongezea malipo ya nyuma, tangu tarehe hiyo.

Dai limekubaliwa. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama wewe ni wa Mombasa au Tanga, maana mlivyosalimiana lafudhi yako ilimchanganya.