Mwanangu, hiyo barua ya kazi usiitume kabla sijaiona

Mama, umeamkaje huko. Sisi wazima, baba yako kifua kinamsumbua kidogo ila anakula. Mdogo wako kaniambia ile barua uliyopeleka hospitali ilikuwa na jina la hospitali nyingine juu. Sasa ndo nini hicho? Ni yule kijana wa stesheneri huyo, ana barua moja kwenye kompyuta anabadilisha majina tu, siku akisahau kubadilisha aibu yako.

Mimi nimekaa masjala mpaka nastaafu, barua za kuomba kazi zimepita mkononi mwangu mpaka basi. Mtu anayezipokea hana muda, anaangalia imeandikwa kwa nani na inaomba kazi gani, akikuta ofisi sio yake anaweka pembeni na hageuki nyuma. Jina la ofisi mwanangu. Liandike mwenyewe, ulisome herufi kwa herufi.

Hilo tangazo la kazi ya maabara la Sekretarieti ya Ajira, hao wanaoajiri kwa niaba ya serikali, nimelisoma lote, sio kama wewe unayekimbilia mstari wa mshahara. Barua inaenda kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Usije ukaandika Mkurugenzi. Kazi nayo itaje kama walivyoitaja wao, na lile Daraja la II usiliache. Ukimaliza printi, saini kwa peni, ndo uskani uipandishe kwenye mtandao wao wa Ajira Portal, barua isiyo na saini hawaitaki. Vyeti vigongwe muhuri na wakili, na result slip, ile karatasi ya matokeo, usihangaike nayo, wanataka cheti chenyewe.

Haya, ndani sasa. Hiyo "husika na kichwa cha habari hapo juu" sikukatazi, sote tumeiandika, ila ukishaiandika ingia kwenye jambo, kazi gani na tangazo la tarehe ngapi. Halafu umejaza mimi ni mchapakazi, mwadilifu, najituma bila kusimamiwa. Nani ataandika yeye mvivu? Andika umejitolea kituo cha afya, asubuhi foleni imejaa unabaki peke yako maabara, unapaka slaidi damu nene na nyembamba, unatia rangi ya Giemsa, unasoma mwenyewe vimelea vya malaria, na makohozi ya TB unapima. Siku uliyonieleza hayo kwenye simu nilimsimulia jirani mpaka akaniaga. Sasa mimi ninayeuza vitumbua nayajua, mwajiri hayajui, barua ya nini? Na kama Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya wameshakusajili weka na namba.

Ile aya ya mwisho futa yote. Baba mgonjwa, wadogo zangu wananitegemea, naomba mnifikirie kwa jicho la huruma... Najua umeyasikia humu humu ndani, ada zako zote tumeombea kwa maneno hayo kwa kila mtu, lakini kazi haiombwi hivyo. Sema uko tayari kuja kwenye usaili na kupangiwa kituo chochote, weka namba ya simu inayopatikana, sio ile laini ya pili unayoizimaga. Ukurasa mmoja unatosha kabisa.

Na ukitaka kupeleka na kule private usichukue hii hii ukatuma. Utasahau Katibu yuko juu pale, wakati wao sio Dodoma. Narudia sababu nakujua, ukiwa na haraka husomi.

Mjomba wako analalamika ukitoka kazini unaingia na simu chumbani, vyombo vinalala. Uko kwa watu mama, osha vyombo bila kuambiwa. Huku mahindi yameingiwa na wadudu, debe mbili nimemwaga, yaliyobaki nayaanika leo kama mvua haitanyesha. Hela ya wakili nitakutumia Ijumaa vitumbua vikitoka vizuri, usikope kwa mtu.

Barua ipige picha utume kwenye WhatsApp ya mdogo wako, yangu imejaa. Halafu shangazi yako anaidai ile sufuria yake kubwa, uliipeleka wapi?