Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Wanafunzi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Pili tunakushukuru wewe, mgeni rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu. Kamati ya maandalizi ilipokaa yalitajwa majina ya viongozi wengi, na wote tunawaheshimu. Ila sisi wanafunzi tuliomba mwaka huu kiti cha mbele akikalie mchoraji wa mtaani kwetu, ambaye kila Jumamosi anakaa nasi chini kwenye mkeka na kumjua kila mmoja kwa mchoro wake.

Mgeni rasmi, klabu yetu ina wanafunzi wa darasa la tatu hadi la saba, wakiwemo wenzetu viziwi wa kitengo cha elimu maalumu. Mwalimu wa kitengo amesimama hapa pembeni akiitafsiri risala hii kwa lugha ya alama, ili kila mwanaklabu aifuate.

Kabla hujaja, tulikuwa kama shule mbili ndani ya uzio mmoja. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzetu wa kitengo walikwenda mwembeni, wengine tukakimbilia uwanjani. Hakuna aliyetukataza kuchanganyika. Hatukujua tuanzie wapi.

Siku ya kwanza hukutoa hotuba. Ulitupanga wawili wawili, anayesikia na asiyesikia, ukawapa kila wawili kipande kimoja cha hardibodi na brashi moja. Brashi moja kwa watu wawili, basi hapo lazima mpatane: nani achore shingo ya twiga, nani apige madoa, ndege akae wapi. Na kwa kuwa rangi ya mafuta haikauki upesi, kila mara tulilazimika kusubiri usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, ukauke, na katika kusubiri huko ndipo tulipoanza kutazamana usoni.

Yupo mwenzetu wa darasa la tano, binti wa mvuvi, ambaye hasikii. Aliyepangwa naye alichora samaki mwenye pezi moja tu, mgongoni, akaridhika. Binti akampokonya brashi. Akaonyesha kwa kidole mgongoni, tumboni, ubavuni, kisha kule nyuma karibu na mkia, kila pezi mahali pake, kama mtu aliyekulia penye changu na kolekole. Halafu akachora mdomo ukiwa wazi, na ndani ya mdomo ndoana. Yule kijana akacheka, binti naye akacheka. Mapumziko yaliyofuata kijana alimfuata mwembeni kumuuliza samaki anasemwaje kwa alama. Siku hizi huko mwembeni tunajaa hadi kivuli hakitoshi.

Wenzetu viziwi wamekupa jina la alama, mgeni rasmi. Ni vidole viwili vinavyopita shavuni, kwa sababu hapo ndipo rangi inapokupaka kila Jumamosi. Wote tunalitumia, hata wanaosikia. Jina la alama hulipati kwa kuliomba. Hutolewa na viziwi wenyewe kwa mtu waliyemzoea, na tunaomba ujue kuwa umelipata kwa haki.

Ni wewe uliyetusimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 bila kupita chuo chochote cha sanaa, kwa hardibodi na rangi za makopo. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza. Lakini alikuwa amekwisha kuwakalisha ndugu na vijana wa kwao kando yake, akina Simon Mpata na January Linda, nao wakawakalisha wengine, hadi mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika. Tuliposikia hayo tulielewa kwa nini unatukalisha kando yako badala ya kusimama ubaoni. Ukatufundisha pia kuandika jina kwenye kona ya picha, kama alivyofanya yeye. Kila picha utakayoiona leo ina jina la mtoto aliyeichora, na zile za wawili zina majina mawili.

Mgeni rasmi, hatukosi changamoto. Hatuna chumba, tunachorea kwenye baraza la darasa la nne, na mvua ikinyesha ya pembeni tunakusanya vibao mbio. Rangi na thina ni ghali, na wadogo wa darasa la tatu tunawapa rangi ya maji tu kwa sababu harufu ya thina inawaumiza kichwa. Linalotuuma zaidi ni wenzetu wa darasa la saba kutolewa klabuni ili wajiandae na mtihani. Mtihani tunautaka na tunataka kuufaulu. Tunachoomba ni saa mbili za Jumamosi, kwa sababu wapo viziwi ambao Jumamosi, nje ya saa hizo, hawana mtu wa kuzungumza naye kwa alama.

Kwako wewe tuna maombi mawili. La kwanza, uwafundishe walimu wetu wawili namna unavyotupanga na kutusubiri, ili siku ukisafiri Jumamosi isife. La pili, utupeleke Msasani tukawaone wachoraji wa ushirika wakiwa kazini, sote kwa pamoja, na mkalimani wa alama awepo. Wazazi, ninyi tunawaomba vipande vya hardibodi na masalia ya rangi mnapomaliza kupaka nyumba.

Picha zinauzwa leo, na fedha zote zitanunua rangi. Watakaokutembeza kwenye maonyesho ni wanafunzi wawili, mmoja anasikia na mwingine hasikii. Ukiwa na swali, muulize yeyote kati yao.

Mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.