Mhariri, na sisi wa gemu mtukumbuke mwisho wa mwaka

Mhariri,

Kila Desemba nasoma kurasa zenu za kufunga mwaka, mchezaji bora, goli bora, wimbo bora, mpaka bondia mnampa nafasi, ila gemu hata mstari mmoja hamna, kama vile wanaocheza ni watoto tu wanaosubiri kuitwa kula. Mimi ni mtu mzima, nina kazi, na usiku bado nashika padi. Basi gemu zangu za 2024 nawaandikia mwenyewe, mkiitupa barua sawa, lakini mtakuwa mmeshaisoma.

Kipimo changu ni kimoja tu: nikiwa kazini naiwaza? Kama naiwaza, ni gemu nzuri. Kama nimeizima na nikaisahau basi hata iwe na grafiki za kufa mtu siihesabu.

Chukua Black Myth: Wukong ya Wachina, imetoka Agosti 20, ikauza kopi milioni 10 ndani ya siku 3. Ni noma, sibishi, yule tumbili na fimbo yake anapendeza kumwangalia hata akisimama tu. Ila inadai GB 130 kwenye mashine, nikafuta gemu nne kuipisha, halafu sura ya kwanza tu huko msituni nikakutana na jitu lenye kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, linakutwanga kwa hicho hicho kichwa, na gemu yenyewe haina sehemu ya kupunguza ugumu. Nimekufa pale mara ambazo siwezi kuziandika gazetini. Baadaye ndo naambiwa eti unaweza kulipita ukaendelea na safari yako! Hiyo kazini niliiwaza kweli, ila kwa hasira.

Sasa linganisha na Animal Well iliyotoka Mei. Jamaa mmoja, Billy Basso, kaijenga peke yake kwa miaka 7, na nilipoishusha nikadhani intaneti imekata maana ilimaliza kabla sijakaa vizuri, MB 33 hivi, klipu ninazotumiwa WhatsApp kwa siku zinaizidi. Wewe ni kidubwana cha duara tu, huna upanga huna bunduki, uko gizani na wanyama wengine wapo, wengine wanakutaka. Kuna mzimu wa mbwa unakufukuza chumba hadi chumba. Kuna kijiti cha kupuliza mapovu, wiki nzima nilidhani ni cha urembo, mpaka siku nikajikuta nimesimama juu ya povu langu mwenyewe nikapanda sehemu ambayo nilishaikatia tamaa, na hapo ikabidi nirudi nyuma kwenye vyumba vyote nilivyopita maana kumbe vingine vilikuwa na njia juu. Hakuna anayekueleza kitu mle ndani. Nilikuwa nachora nyuma ya risiti, kazini.

Kwa kucheza na washkaji, Helldivers 2. Mko wanne, mnapigana na wadudu na maroboti, na risasi zako zinaua mwenzako vile vile, hakuna kuizima hiyo. Bomu unaliita kwa kubonyeza mishale kwa mpangilio, lile la kilo 500 ni juu, kulia, chini, chini, chini, na ujue unabonyeza huku mdudu saizi ya gari anakujia. Mshkaji wetu mmoja alipatia mishale yote safi kabisa, akarusha kile kidude cha kuonyesha bomu lishukie wapi, kikagonga jiwe kikarudi miguuni petu. Tulibaki tunakiangalia tu. Kuna mmoja alianza kucheka kabla hata halijatua na mimi sijawahi kucheka hivyo mwaka huu.

Lakini gemu yangu ya mwaka, mhariri, ni ya karata. Balatro. Imetoka Februari 20, kaitengeneza Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk, jina lake halisi kalificha na mimi sina haja nalo. Unashika karata 8, unachagua hadi 5, unapanga mkono, yaani kundi la karata unazocheza pamoja, kama kwenye poka, ule mchezo wa karata wa kamari, pointi zinazidishwa, lengo la kwanza ni pointi 300 unasema ah, rahisi. Kisha unaingia dukani kwao unanunua majokeri, yako 150 na kila moja linavunja sheria kwa namna yake, unaruhusiwa matano kwa kawaida, na hapo ndo mtu anapotea. Mwezi wa tisa ikaja kwenye simu, mimi nikaisha.

Kuna usiku nilijenga kopa tupu. Nikatupa mashupaza, nikageuza mauru, kila mkono naupiga kopa tano, pointi zinapanda mpaka namba zinawaka moto kwenye skrini. Nikafika hatua ya 7 kati ya 8. Bosi wa hatua ile, yaani kikwazo cha kumalizia hatua, anaonyeshwa mapema, nikamwona: kazi yake ni kuzima kopa zote. Zote! Unazicheza ila haziongezi kitu. Ningeweza kubadilisha mpango dukani, nafasi mbili nilipewa, mimi nikasema nitapenya na majokeri yangu. Sikupenya. Saa nane usiku nimekaa na simu mkononi nalaumu karata nilizozichagua mwenyewe.

Halafu huko Ulaya mwaka 2024 waliiwekea umri wa miaka 18 eti inafundisha kamari, wakati mle ndani huweki hata senti, na gemu za mpira zenye pakiti za bahati nasibu unazonunua kwa hela halisi zilikuwa zinapewa miaka 3. Nimecheka nikanyamaza.

Tuzo kubwa, The Game Awards ya Desemba 12, ilimpa Astro Bot gemu ya mwaka na Balatro ikaondoka na tatu ndogo. Sina ugomvi, Astro Bot niliazimwa nikaicheza na ni tamu, ile padi inavyotetemeka ukitembea juu ya mchanga unaisikia kwenye vidole. UFO 50 nayo ina gemu 50 ndani ya moja, nimecheza kama kumi, ile ya kuandaa pati na kuomba polisi wasije ndo imenishika, nyingine mnisamehe.

Ya mwisho siyo bora kuliko hizo, mapigano yake yanajirudia na ni fupi, ila siwezi kuiacha. Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili, aliyeongoza kuitengeneza ni mwigizaji Abubakar Salim na wazo alilitoa kwenye msiba wa baba yake. Ukiingia kwenye mipangilio unachagua sauti, na Kiswahili kipo, siyo neno moja moja la kupamba, wanaongea mwanzo mpaka mwisho. Kijana Zau anamfuata Kalunga, mungu wa kifo, anataka amrudishie baba yake. Mama alikuwa sebuleni anapita tu, akasikia, akauliza hiyo ni tamthilia gani. Nikamwambia ni gemu. Akakaa. Siku iliyofuata akauliza mbona hujaiwasha, ikawa kila jioni yuko pale, ananisimamia, nikidondoka kwenye miiba anasema ruka mapema mwanangu.

Nikafanya kosa, usiku mmoja nikaimalizia peke yangu yeye amelala. Asubuhi swali la kwanza: kijana kampata baba yake? Nikashindwa kumjibu, jioni nikafuta nilichosevu nikaanza upya.

Msomaji wenu wa kila siku