Salamu za Shukrani kwa Mliotufariji Msiba wa Baba Yetu

Mama pamoja na sisi watoto na wajukuu wa marehemu tunawashukuru kwa dhati nyote mliokuwa nasi tangu Baba alipougua hadi tulipompumzisha. Madaktari na wauguzi mliomhudumia, majirani mliokesha nasi, ndugu mliosafiri usiku kucha, mliochanga na mliotupigia simu: hatuwezi kumtaja kila mmoja, ila hakuna tuliyemsahau.

Lakini wapo ambao lazima tuwashukuru kipekee. Ni ninyi wanaanthropolojia wenzake, wachunguzi wa binadamu na jamii zake, mliobishana naye miaka yote. Baba aliamini kwamba binadamu hakuzaliwa na vita, alivibuni. Alilisimamia Tamko la Seville la mwaka 1986, ambalo wanasayansi walilitoa kupinga dai kwamba tumerithi vita kutoka kwa wanyama tuliotokana nao. UNESCO ikalipitisha mwaka 1989. Ninyi mkamjibu kwa mifupa. Mkamkumbusha Jebel Sahaba, Sudan, walikozikwa watu 61 zaidi ya miaka 13,000 iliyopita, wengi wakiwa na majeraha, mengine yamepona kabla ya kifo, maana yake walishambuliwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2016 zikaja habari za Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana: mabaki ya watu 27, ya miaka kama 10,000 iliyopita, baadhi yao wameuawa kikatili. Kati yao alikuwamo mama mjamzito.

Siku aliyosoma habari hizo Baba hakula. Kesho yake aliandika upya mihadhara yake, Nataruk akaiweka mwanzo kabisa, ingawa ilimuumiza. Hakuacha msimamo wake. Alisema wauaji walikuwepo, na watu kama Wasemai wa Malaysia, wanaochukia ugomvi hata kumpiga mtoto wanaona vibaya, nao wapo. Kazi ni kutafuta kinachowatofautisha. Tulimpenda kwa hilo kuliko kwa vyeo vyake vyote.

Nanyi mliompinga vikali kuliko wote ndio mliobeba jeneza pamoja nasi. Mama aliwaona. Tunasema asanteni sana.

Madaftari yake ya utafiti tunayakabidhi kwa maktaba ya chuo alikofundisha. Aliyeazima lolote amalize kwanza kazi yake, kisha alirudishe huko. Mama anaomba msikatize kuja nyumbani. Meza mliyokuwa mkiizunguka mkibishana naye hatujaiondoa.

Familia ya marehemu