Anayesaini malipo ya mkandarasi awe ameiona kazi

Ndugu Mhariri,

Mwezi Juni unakwisha, na katika ofisi nyingi za hapa Moshi huu ndio wakati wa kuhuisha mikataba: ulinzi, usafi, chakula, kuzoa taka, ukarabati wa majengo. Mimi ni afisa utawala katika shule binafsi ya bweni upande wa Kibosho. Kabla ya hapo nilifanya kazi ya namna hiyohiyo hotelini, mjini. Kote nilikopita, mkandarasi hujadiliwa mara moja kwa mwaka, siku ya kikao cha kuhuisha mkataba, na mjadala wenyewe ni wa kukumbukakumbuka tu. Mmoja anasema watu wa usafi hawana shida. Mwingine anakumbuka jinsi choo cha juu kilivyonuka siku ya mahafali. Mezani hakuna hata karatasi moja ya kuonyesha nani yuko sahihi, na mwisho anayezungumza kwa nguvu ndiye anayeamua fedha za ada ziende wapi.

Nitoe mfano wa bweni letu la wasichana. Lilipauliwa upya, mkandarasi akakabidhi kazi mwezi Julai. Mkataba ulisema tubakize asilimia 5 ya fedha yake kwa kipindi cha matazamio cha miezi sita, yaani muda ambao kasoro ikionekana mkandarasi anairekebisha kwa gharama yake. Januari ikafika, paa halina tatizo, akalipwa chake akaondoka. Mwezi Aprili masika yakashuka kama tunavyoyajua sisi wa mlimani. Maji yakaingia kwenye maungio ya paa na kwenye matundu ya misumari, dari la jipsamu likalowa na vipande vikaangukia vitanda vya juu. Wasichana walilala bwaloni na magodoro yakaanikwa uwanjani kila jua lilipochomoza. Mkandarasi alipopigiwa simu alijibu kwa upole kabisa kwamba muda wa matazamio umeshapita. Kwa mkataba ule alikuwa na haki.

Hesabu miezi uone mwenyewe. Kuanzia Julai hadi Januari kuna kiangazi na mvua za vuli, ambazo mwaka mwingine ni manyunyu tu. Masika yetu ni Machi hadi Mei. Paa lile lilipewa cheti cha kufaulu kabla ya kufanya mtihani. Huku miteremkoni mvua ni nyingi kuliko mjini, kwa hiyo kipindi cha matazamio kisichopita katika masika mazima hakimlindi mwenye jengo hata kidogo. Miradi mingi ya serikali huwekewa mwaka mmoja. Sioni kwa nini shule, zahanati za dini na hoteli zetu zikubali pungufu ya hapo.

Lakini matazamio ni hatua ya mwisho, na ubovu uliingia mapema zaidi. Tulipoyapima mabati yale kwa maikromita, yalikuwa ya geji 30. Mkataba ulitaja geji 28. Kwa wasiofanya kazi hizi, namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Hati ya mapokezi ipo, imesainiwa, na idadi ya mabati ni sahihi hadi la mwisho. Waliopokea walihesabu, hawakupima. Fundi mmoja aliniambia, "Mama, bati ni bati." Bati jembamba hubonyea mafundi wanapolikanyaga, tundu la msumari hupanuka, na upepo ukilichezesha maji yanapata njia.

Ndiyo maana nasema usimamizi wa mkandarasi unaanza getini, gari linaposhusha mzigo, na msimamizi awe na kipimo mkononi. Bati lipimwe kabla halijapanda. Nondo zipimwe unene kabla hazijakatwa. Mchanga una kipimo chake cha bure kabisa: jaza chupa ya plastiki nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha itulie. Udongo utajitenga na kukaa juu ya mchanga, na kila mtu atauona bila kuhitaji shahada. Zege lipimwe kwa vipande vinavyovunjwa maabara siku ya 7 na ya 28 baada ya kumwagwa, na katikati hapo mtu ahakikishe linamwagiliwa maji, hata Jumapili. Na kila kitu kitakachofunikwa, yaani msingi, nondo, mabomba ya maji taka, kisifunikwe hadi kikaguliwe, kipigwe picha na kusainiwa. Plasta ikishapigwa mtabaki kubishana tu.

Siku hizi tuna daftari la saiti. Linashikwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na akiondoka analikabidhi kwa maandishi, kwa sababu daftari ni mali ya shule. Kila jioni anaandika waliofika kazini, vifaa vilivyoingia, kazi iliyofanyika, na kilichosimama pamoja na sababu yake. Msimamizi wa mkandarasi anasaini pembeni. Hati ya malipo ikija, mhasibu haigusi kabla mwenye daftari hajaandika kwamba kazi inayodaiwa ameiona kwa macho yake. Hapa ndipo hasa ninapotaka wakuu wa taasisi wanielewe. Mtu aliyekaa ofisini, hata awe mwaminifu namna gani, hawezi kuidhinisha malipo ya ukuta ambao hajawahi kuusogelea.

Ile sehemu ya sababu ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na inamlinda mkandarasi pia. Tulikuwa na mjenzi wa uzio ambaye bodi ilitaka kumkata fedha kwa kuchelewa. Daftari liliposomwa kikaoni ilionekana kazi ilisimama mara mbili: mara ya kwanza sisi tulibadilisha mchoro ukuta ukiwa umeshaanza, mara ya pili malipo yake yalikwama kwetu. Hakukatwa hata senti. Tathmini ya haki inapima pande zote mbili, na mteja asiyelipa kwa wakati hana uso wa kumdai mkandarasi kasi. Mafundi hawa wana familia Majengo, Pasua na Njoro, wanalipwa kwa wiki. Fedha ikichelewa kwetu, wao ndio wanaokosa.

Kwenye huduma mambo ni hayohayo. Ile karatasi ya usafi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa choo, inayosainiwa na msimamizi wa kampuni ileile inayofanya usafi, haimtathmini mtu yeyote. Alama zitolewe na mtumiaji. Kwetu ni matroni, maana yeye anaviona vyoo saa kumi na moja alfajiri kabla ya mtu mwingine. Kuhusu ulinzi, pamoja na kuangalia kama mlinzi yuko lindoni, mimi hudai kila mwezi kuona uthibitisho kwamba walinzi wamelipwa mishahara na michango yao ya NSSF imepelekwa. Mlinzi anayesinzia usiku mara nyingi ametoka lindo lingine mchana, kwa sababu mshahara mmoja haumtoshi au haujalipwa. Kampuni iliyoshinda kwa bei ya chini kuliko zote inaifidia bei hiyo mahali fulani, na mara nyingi ni mfukoni mwa mlinzi.

Taasisi za umma zina pa kushika. Ipo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, upo mfumo wa NeST wa zabuni, na mzabuni mkosaji anaweza kufungiwa. Shule za serikali zinazojenga kwa kutumia mafundi wa kawaida zina kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na mzazi wa kijijini anaweza kuwa mjumbe. Sisi wa binafsi sheria hiyo ya ununuzi haitulazimishi. Tunachukua mtu kwa sababu alipendekezwa na rafiki wa mkurugenzi, wakati kuangalia kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kwa daraja gani kati ya la kwanza na la saba, ni kazi ya nusu saa.

Na kuna tabia moja inaniumiza sana. Mkandarasi akishaharibu, ofisi nyingi humwandikia barua nzuri ya sifa ili aondoke bila ugomvi. Barua hiyo ndiyo anayoipeleka kwenye shule nyingine, Machame au Marangu, na watoto wengine wanakwenda kulala chini ya paa lake. Wakuu wa taasisi, naomba barua za utendaji ziandikwe kwa ukweli: kazi gani, ilikabidhiwa lini ukilinganisha na mkataba, kasoro zipi zilionekana na kama alirudi kuzirekebisha. Hakuna haja ya matusi. Tarehe na vipimo vinatosha.

Kila mwaka tunapokea wanafunzi wa uongozi wa biashara na ununuzi wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Ni vijana wazuri. Nawaomba walimu wao wakubali wawekwe saiti na jikoni, washike daftari na maikromita, badala ya kumaliza wiki zao wakitoa fotokopi.

Kwa bodi zinazokaa wiki hii kupitisha mikataba ya Julai, ombi langu ni dogo. Kabla ya kunyoosha mikono, ulizeni kumbukumbu za utendaji za kila mkandarasi ziko wapi. Kama hazipo, msimpe mtu mwaka mzima. Mpeni miezi mitatu, teueni mtu mmoja wa kuiangalia kazi yake na kuandika kila wiki, kisha mkutane tena Septemba na daftari likiwa mezani.

Afisa Utawala, shule ya bweni,
Kibosho, Moshi