Mwanangu, sema "shukisha"

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Salamu kutoka Mamboleo. Sisi ni wazima, na kuku wako wawili wameanza kutaga.

Habari ya matatu nimeisikia. Unakaa Free Area huko Nakuru, lakini gari likijaa na muziki ukiwa juu, neno "shukisha" linakukwama kooni. Unabebwa hadi Pipeline, kisha unarudi kwa miguu kama mtu aliyekuwa na shughuli huko. Usijidharau kwa hilo. Woga wa namna hii una mtindo wake, na anayeujua huo mtindo anaweza kuuharibu.

Hofu ikipanda, mwili humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, tumbo linajikaza. Ukinyamaza, shinikizo linashuka papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo ujira wa kukwepa. Ubongo unaandika kwamba ulipona kwa sababu ulinyamaza, na kesho utataka unyamaze mapema zaidi. Ni kama paka wa jirani uliyemrushia omena ili aache kulia mlangoni. Aliacha, ndiyo, lakini sasa nyumba anaijua. O. Hobart Mowrer, mwanasaikolojia Mmarekani, aliueleza mzunguko huu mwaka 1947: hofu hujifunzwa, halafu kukwepa ndiko kunakoilisha. Anayekwepa hapati nafasi ya kuona kwamba asipokimbia, moyo hutulia wenyewe, wala hapati kujua kama lile balaa alilolingoja lingekuja kweli.

Kwa hiyo anza na daftari, ushujaa utafuata. Kwa siku saba andika, kila unapokwepa, mambo matatu: nilikwepa nini, niliogopa kitatokea nini, nilifanya nini badala yake. Hilo la tatu ndilo watu huliruka, na ndilo lenye siri. Ulituma ujumbe badala ya kupiga simu. Ulimtuma mwenzako amwulize makanga chenji yako. Ulikwenda dukani saa nane mchana kwa kuwa hakuna foleni. Kukwepa kwako kwingi kumejificha humo, kumevaa nguo za busara.

Baada ya wiki, yape hayo uliyoyaandika alama kutoka 0 hadi 10, 0 ikiwa utulivu na 10 hofu ya kutaka kukimbia. Yapange kama ngazi yenye vidato vinane hivi. Yako naiona hivi, ingawa utaisahihisha mwenyewe: kupiga simu duka la dawa kuuliza wanafunga saa ngapi, 3. Kuuliza bei ya nyanya kwa wachuuzi watatu katika soko la Wakulima na kuondoka bila kununua, 4. Kusema "shukisha" matatu ikiwa na abiria wachache, 4. Kuisema ikiwa imejaa, 6. Kudai chenji ya shilingi ishirini makanga akijisahaulisha, 6. Kumpigia mwenye ploti kuhusu mfereji unaovuja, 7. Kuuliza swali darasani, 8.

Anza kwenye 3 au 4. Kidato chenye alama 1 hakifundishi kitu, na chenye 9 siku ya kwanza kitakurudisha chini ya kitanda. Kabla ya kila zoezi andika utabiri ulio wazi, unaoweza kupimwa: "Nikisema shukisha, abiria watageuka wanicheke." Ukishashuka, andika kilichotokea: wangapi waligeuka, nani alicheka. Kazi yote iko katika pengo kati ya mistari hiyo miwili. Huko kujisemea "sina woga" hakuna faida, ubongo hauamini maneno ya mwenye nao. Unaamini makosa ya utabiri wake.

Rudia kidato hicho hicho siku nne au tano kwa wiki hadi alama ishuke karibu nusu, ndipo upande. Mara moja kwa wiki ni haba, hofu inakuwa imeshajijenga upya. Na sema mapema, gari likiwa bado mita mia moja au mia mbili kabla ya steji. Kusema mwishoni kabisa kunakulazimisha kupaza sauti na kumkasirisha dereva, halafu unahesabu hasira yake kuwa ushahidi dhidi yako.

Yanayoharibu zoezi nayajua. La kwanza ni kuondoka hofu ikiwa kileleni, maana hapo umeilipa ujira mara mbili. Kama umeanza kuongea na mchuuzi na sauti inatetemeka, maliza swali likitetemeka. La pili ni magongo ya kuegemea: kushika simu sikioni ukijifanya unaongea, kukariri sentensi mara ishirini, kunywa chupa moja kabla ya kuwasilisha kazi darasani. Ukivuka kwa gongo, sifa zote zinakwenda kwa gongo. Hata kuvuta pumzi ndefu kunaweza kuwa gongo, ukiitumia ili usihisi kitu. La tatu ni kungoja kujisikia tayari. Hiyo siku haina tarehe. La nne ni kuvunjika moyo ukirudi kutoka likizo na kukuta alama ya 3 imekuwa 6. Hilo ni la kawaida kabisa; shuka vidato viwili, panda tena, safari hii haitachukua muda.

Wala si mbinu ya juzi. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, huko Marekani, aliandika habari za mtoto aliyeitwa Peter, aliyeogopa sungura. Walimleta sungura ndani ya kizimba wakati mtoto anakula, mbali kwanza, kila mara karibu zaidi, hadi Peter akamshika kwa mkono wake.

Sindano ina njia yake, kwa sababu kipimo cha damu najua umekiahirisha. Hofu nyingine hupandisha shinikizo la damu. Hofu ya damu na sindano hulipandisha kisha huliangusha ghafla, ndiyo maana watu huzimia. Kujilegeza hapo ni kosa. Kaza mapaja, tumbo na mkono usiochomwa kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uso upate joto, achia sekunde 20 au 30 bila kulegea kabisa, rudia mara tano. Jizoeze nyumbani wiki moja kabla, na mwambie muuguzi mapema akulaze.

Kuna hofu za kuheshimu. Bodaboda ambaye dereva wake ananuka pombe, usipande. Barabara kuu pale Free Area, usiivuke mbio ili kujithibitisha. Na hapa kwetu hakuna anayefanya zoezi la ujasiri na kiboko wa ufukwe wa Dunga. Jiulize mtu makini asiye na woga angefanya nini mahali hapo. Akifanya unaloliogopa, liingize kwenye ngazi.

Ikiwa umeanza kukosa masomo, au moyo unapasuka hata ukiwa chumbani peke yako, nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo, ngazi hii muipande pamoja na mtu aliyesomea. Yakija mawazo ya kujidhuru, acha daftari, mwambie mtu siku hiyo hiyo, nipigie hata saa nane usiku.

Limebaki letu sisi wazazi. Kila tulipompigia mwenye ploti kwa niaba yako tulikuwa gongo lako. Kuanzia leo simpigii. Namba yake unayo, na mfereji bado unavuja.

Mama